Kabla Uulize Bei ya Taa, Mjue Jamaa wa Bamako

Kuna swali linaloingia kwa inboksi yangu karibu kila wiki, na huwa ni lilelile: "Bro, nataka kuanza picha za studio. Ninunue taa gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza mikono ya mteja iwekwe wapi. Hakuna aliyeniuliza afanye nini mtu akiingia amekaza uso kama ameitwa kwa chifu. Ni taa tu. Taa ya duara, taa ya mwavuli, taa inayobadilisha rangi ukiigusa kwa simu. Halafu msee anachukua mkopo wa simu, ananunua, anapiga picha mia tatu za beshte yake, na zote zinafanana na za kila mtu mwingine mtandaoni.

Sina shida na taa. Ninachokataa ni hii tabia ya kuongea kuhusu studio kana kwamba ubunifu ulianza siku vifaa viliposhushwa dukani. Afrika hii imekuwa na magwiji wa studio tangu kabla shosh zetu waolewe, na vifaa vyao vyote ungevipakia kwa mkokoteni mmoja na nafasi ibaki. Nimewasoma na kuwaangalia kwa miaka kadhaa sasa, na kuna kitu kinajirudia kwa kila mmoja wao. Ufundi wao ulikuzwa na kazi ndogondogo za kulipwa, za watu wa mtaa, siku baada ya siku. Zile kazi ambazo wengi wetu tunaziona za kishamba.

Jamaa wa kwanza ni Seydou Keïta. Alikuwa mtu wa Bamako, mji ambao leo ni mkuu wa Mali, lakini enzi hizo nchi ilikuwa koloni na iliitwa Sudani ya Kifaransa. Keïta hakukanyaga chuo cha sanaa. Alifunzwa useremala. Mwaka 1935, akiwa bado kijana mdogo, anko wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie akampa. Akaanza na ndugu na majirani, akawa anawauliza maswali wapigapicha waliomtangulia pale mjini. Mwaka 1948 akafungua studio yake mwenyewe, uani, karibu na stesheni ya reli.

Sasa sikiza vizuri jinsi alivyofanya kazi, maana hapa ndipo kuna utamu. Kamera yake ya kazi ilikuwa sanduku kubwa lililotumia kipande cha filamu cha sentimita 13 kwa 18. Kipande kimoja, picha moja. Na filamu ilikuwa ghali, kwa hivyo mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu, basi. Alipoenda chumba cha giza, hakuwa anakuza picha. Alilaza ile filamu moja kwa moja juu ya karatasi na kuimulika, ikatoka picha ya ukubwa uleule. Maana yake ni kwamba hakukuwa na kukata pembeni baadaye. Kiatu kikiingia vibaya kwa fremu, kimeingia. Mkono ukikatika kwenye kifundo, umekatika milele.

Fikiria hiyo presha ingekufanya nini wewe. Ingekufanya uangalie. Ungeangalia kidevu, ungeangalia kola, ungeangalia kama saa ya mkononi inaonekana, kwa sababu mteja ameivaa makusudi na akikosa kuiona kwa picha hatalipa. Keïta alimaliza kupiga picha kwa macho kabla ya kuipiga kwa kamera. Sisi tunapiga mia nane halafu tunaanza kuangalia tukifika nyumbani, saa sita usiku, tukiwa na laptopu na chai baridi.

Na mwanga? Alipendelea ule wa mchana, nje, uani. Hakuna umeme wa kubembelezana nao. Ukitaka kujua uso unafanya nini kwenye mwanga wa jua uliopozwa na ukuta, ukae hapo mwaka mzima, masika na kiangazi, na watu wapite mbele yako mmoja baada ya mwingine. Hiyo haifundishwi kwa video ya dakika kumi. Nakuambia hivi nikiwa mtu anayetengeneza video za dakika kumi.

Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani mwake, lenye vishada pembeni. Shuka la kulalia, manze! Baadaye akanunua vitambaa vingine vya maua na majani, akawa anabadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu. Miaka mingi mbele, alipotakiwa kusema picha fulani ni ya lini, alikuwa anatambua kwa kitambaa. Halafu angalia ujasiri wake: mwanamke amevaa gauni la maua, nyuma kuna kitambaa cha mchoro mwingine, amelala juu ya shuka la mirabaha. Kanuni za shuleni zingekwambia huo ni vurugu. Lakini uso unatokeza hapo katikati, mtulivu, kwa sababu Keïta alijua sehemu moja isiyo na mchoro ndiyo jicho litakimbilia. Siku nyingine nenda Gikomba, nunua mashuka mawili yanayogombana kabisa, mketishe dadako katikati, ujaribu. Utaelewa kwa saa moja zaidi ya vile ningekueleza kwa wiki.

Pale studio alikuwa na suti za kizungu, viatu, kofia, saa, kalamu, redio, hata skuta ya Vespa. Mteja alikuwa anachagua. Ukutani kulikuwa na picha za mfano, unaonyesha kidole: nataka kukaa kama huyu. Ndiyo, kama vile wateja wetu wanakuja na picha walizohifadhi kwa simu. Tofauti ni kwamba Keïta alichukua hilo ombi kisha akalinyoosha. Mara nyingi aligeuza mwili kidogo upande, akainamisha kichwa, akapanga vidole. Kuna picha yake ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ya kijana mwenye suti nyeupe na miwani mizito, ameshika ua moja mbele ya kifua. Ua moja tu. Ukiitazama vidole vyake utaona ni kama ameshika kikombe cha chai cha mgeni wa heshima. Huyo kijana alitaka kuonekana msomi na mpole, na mtu mmoja alimsaidia afike hapo kwa sekunde chache, bila kumcheka.

Mtu wa pili wa Bamako ni Malick Sidibé, na huyu nadhani ndiye angetuelewa zaidi. Yeye alisomea sanaa na usonara, kisha katikati ya miaka ya 1950 akaajiriwa kwa duka la mpigapicha Mfaransa. Alipofungua Studio Malick, usiku alikuwa anatoka kwenda kwa sherehe za vijana. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, vijana walikuwa na sahani za muziki kutoka ng'ambo na nguo za kushona, na kila kikundi kilikuwa na klabu yake. Sidibé anapiga picha za densi, anarudi studio usiku huohuo, anasafisha filamu, na vijana wanakuja kutazama vipande vidogo alivyobandika ili wachague watakazonunua. Hebu niambie hiyo ni tofauti gani na kuweka picha za pati mtandaoni Jumatatu asubuhi, kila mtu akijitafuta.

Picha yake mashuhuri ni ya Krismasi ya mwaka 1963: mvulana wa suti na msichana asiye na viatu wakicheza, vichwa vimekaribia kugusana. Hiyo si ya studio. Lakini bila zile usiku za densi, picha zake za studio zingekuwa za kawaida. Alibeba mwendo kutoka ukumbini akaupeleka mbele ya pazia lake la mistari. Watu walikuja na pikipiki zao ndani ya studio. Mtu alikuja na kondoo. Mwingine na glavu za ndondi. Wengine wanaonekana kama wamekatizwa katikati ya hatua. Na alikuwa anapiga hata picha za vitambulisho kama kawaida, nyingi ajabu, mtu ameangalia mbele, masikio yote yanaonekana, asante, next. Mwaka 2007 maonyesho ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote, na hakuna mpigapicha aliyekuwa amewahi kuipata kabla yake.

Sasa kama bado unadharau picha za pasipoti, ngoja nikuletee Samuel Fosso.

Fosso alizaliwa Cameroon mwaka 1962, akalelewa kwao Nigeria, vita vya Biafra vikamkuta akiwa mtoto. Amesimulia kwamba kwao mtoto alipigwa picha akiwa mchanga, lakini yeye hakupigwa kwa sababu alizaliwa na ulemavu na baba yake hakuona haja ya kutumia pesa. Kumbuka hapo. Mtoto ambaye hakuonekana anafaa kuwa na picha. Baada ya vita alipelekwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa anko wake aliyekuwa fundi viatu. Akajifunza upigaji picha miezi michache kwa mpigapicha jirani, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake. Miaka kumi na tatu. Tangazo lake lilimwahidi mteja kwamba atatoka mrembo, maridadi, na rahisi kutambulika. Hiyo "rahisi kutambulika" hunifurahisha kila nikiikumbuka. Ni biashara ya pasipoti kabisa.

Mchana alikuwa anapiga wateja. Jioni, wateja wanataka picha zao kesho, na filamu bado ina nafasi mbili tatu hazijatumika. Angefanyaje, azitupe? Akawa anafunga mlango, anavaa suruali ya kubana, viatu vya soli ndefu, miwani myeusi, anajipiga mwenyewe. Nyingine alimtumia bibi yake kule Nigeria aone kwamba mjukuu yuko hai na yuko sawa. Hizo picha za mabaki ya filamu ndizo zilizompa zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya picha ya Bamako mwaka 1994, na dunia ikamjua. Mwaka 2008 alitoa mfululizo ambao anajigeuza kuwa viongozi na mashujaa weusi, Mandela, Malcolm X na wengine, yeye peke yake mbele ya kamera. Ukimwangalia akiwa Mandela unasahau ni yeye. Unadhani alijifunzia wapi namna uso unavyobadilika kidevu kikishuka nusu inchi? Alikuwa ameshapanga nyuso za wateja wake kwa miaka thelathini na kitu.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya Afrika Magharibi, sisi huku tulikuwa na nini. Tulikuwa na Pwani. Wapigapicha wa Kigoa walishafungua studio Zanzibar tangu karne ya 19, na Mombasa haikubaki nyuma. Kuanzia miaka ya 1940, watu wa Mombasa wa kila aina, Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara, walikuwa wanavaa na kwenda kwa N. V. Parekh wapigwe wakiwa wanang'aa kama mastaa wa filamu. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, ambaye alijifundisha mwenyewe. Akapenda mchezo wa kukata na kuunganisha picha, kwa mkono, kwa mkasi na mwanga, akiathiriwa na sinema za Kihindi, hadi mtu akaonekana mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Tunajisifu na programu za kuhariri kana kwamba tumevumbua kitu. Jamaa wa Lamu alikuwa hapo zamani, na akikosea anaanza upya.

Pwani pia kuna ujuzi mwingine ambao sijauona kwa kozi yoyote. Kwa familia nyingi za Kiislamu, picha ya mwanamke ni ya nyumbani. Si ya kuanikwa dirishani mwa duka. Mpigapicha asiyejua kufunga mdomo na kufunga droo hakupata wateja hao, hata awe na kamera ya dhahabu. Sisi tunapiga mtu saa nne, saa sita yuko kwa ukurasa wetu na alama yetu pembeni, hatujamuuliza. Sheria ya kulinda data tunayo tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza klabu moja ya burudani faini kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Lakini hata bila faini: mtu anayejua utamwanika hawezi kulegea mbele yako. Ile sura unayoitafuta haitatoka.

Halafu Likoni. Miaka ya 1990, pale kivukoni, kulikuwa na vibanda vya mbao vya wapigapicha, wazi upande mmoja, na ndani wamechora na kubandika dunia nzima: meli, ndege, maghorofa, maua ya plastiki, vitambaa vya kumetameta. Wateja wengi walikuwa watu waliotoka bara kutafuta kazi. Unavuka na feri, unasimama mbele ya ndege iliyochorwa, unapigwa, unatuma nyumbani. Wale mafundi hawakuwa wanadanganya mtu. Kila mtu aliiona hiyo ndege ni ya rangi. Walikuwa wanajua kupanga ndoto ya mtu ambaye amelala kwa chumba kimoja Mtongwe na hataki mama yake ajue. Wapigapicha wengi wenyewe pia walikuwa watu wa bara, na machafuko ya Agosti 1997 pale Likoni yaliwalenga watu wa bara. Jumlisha mwenyewe.

Studio za zamani hazikuuawa na uvivu. Rangi ndiyo iliziumiza. Picha za rangi zilipoenea, kazi ya kusafisha filamu ikahama kutoka chumba cha giza cha fundi ikaenda kwa mashine za maabara mjini. Fundi akabaki wa kubonyeza tu, na bei ikaporomoka. Sidibé mwenyewe alibaki akitengeneza kamera mbovu za watu. Naona kitu kama hicho kinakuja tena. Sasa hivi mtu anaweka selfi kwa programu ya akili bandia na kwa dakika mbili ana picha za "studio" ishirini, suti juu, mwanga safi. Wasee wa picha wanalia. Mimi naona kama kazi yako ilikuwa mwanga safi na suti, kweli umeisha. Lakini ile programu haijawahi kukutana na mteja. Haijui kwamba yule mzee anaficha mkono wa kushoto kwa sababu vidole viwili vilikatwa na mashine, na kwamba ukimpa kofia ashike atasimama wima kama askari.

Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza kuhusu taa: weka meza mtaani kwenu, piga pasipoti. Kwa kila mteja wa pasipoti, mwombe akupe dakika tatu zaidi, mpige picha moja ya ziada, moja tu, kwa mwanga wa mlangoni na kadibodi nyeupe upande wa pili. Msilipane hiyo. Fanya hivyo na watu mia. Halafu tuongee kuhusu taa.

Na kuna hii sehemu ambayo hunikosesha usingizi. Mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York bila jina lake. Mpigapicha hajulikani, Bamako. Mtu mzima, hai, anakaa nyumbani kwake, na kazi yake ukutani haina mwenyewe. Ilibidi mtu asafiri hadi Bamako kuuliza uliza ndipo akapatikana. Na Fosso, mwaka 2014, vita vilipofika mtaani kwake Bangui, nyumba yake iliporwa na filamu zake zikamwagwa barabarani. Waandishi wa habari waliokuwa hapo ndio waliookota na kuokoa kiasi kikubwa. Karibu miaka arobaini ya kazi, chini kwenye vumbi, watu wakikanyaga.

Huku kwetu hatujahitaji vita. Studio ya mtaani nilikokulia ilifungwa, mwenye nyumba akataka nafasi yake, na maboksi ya filamu yakaenda na taka za Jumamosi. Harusi, ubatizo, watoto wa shule waliofuzu. Hakuna aliyejua yanaweza kuwa na thamani, na aliyejua hakuwa na mahali pa kuyaweka.

Kwa hivyo ukienda shags Desemba, fungua ile albamu yenye plastiki inayonata, na uombe ruhusa kwanza. Toa picha taratibu, geuza. Wengi wao walikuwa wanagonga mhuri nyuma: jina la studio, sanduku la posta, mji. Piga picha mbele na nyuma, andika ni nani yuko kwenye picha na ilikuwa mwaka gani kama shosh anakumbuka, na muulize pia alikuwa amevaa nguo za nani. Mwenye mhuri wa studio ya Nakuru, Kisumu, Nyeri, popote, nitumie jina la studio. Naanza orodha.